Mashine ya maji iandikwe kwa jina la nani?

Kila mara mashine ya kusukuma maji inaposimama kijijini huzuka maswali mawili. La kwanza, ambalo husemwa kwa sauti, ni fundi atafika lini. La pili husemwa chini chini, vibarazani na njiani kuelekea kwenye kisima cha zamani: mashine hii hasa ni mali ya nani? Mwenyekiti wa kijiji husema ni ya kamati. Kamati husema ni ya mradi. Ofisi ya wilaya husema mradi umekwisha kukabidhiwa kwa wananchi. Nao wananchi, waliochimba mitaro kwa mikono yao na kulipia kila ndoo waliyochota, hawana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba mali ile ni yao.

Wako watumishi wa umma wanaolichukulia suala hili kuwa ni la wanasheria, lisilomhusu fundi wala mwalimu mkuu. Fikra hiyo si sahihi. Mashine haitengenezwi bila fedha. Fedha haziwi salama zikilala chini ya godoro la mweka hazina. Na benki, kabla ya kuzipokea, hutaka kujua mwenye fedha ni nani, ana katiba gani, na ni akina nani waliopewa mamlaka ya kutia saini. Chombo cha maji kikiwa dhaifu, au kikiwa hakijulikani ni cha nani, maji hukauka bombani hata kama mtoni yamejaa tele.

Inafaa ikumbukwe jambo hili lilikoanzia. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, kwa shabaha kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini awe anapata maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Serikali ndiyo iliyojenga, ndiyo iliyonunua dizeli, na ndiyo iliyomlipa mwendesha mashine mshahara wake. Mwanakijiji hakutakiwa kulipia maji. Nia ilikuwa njema, na miradi mingi ilijengwa katika muda mfupi. Lakini kila bomba jipya lililotandazwa liliongeza gharama za uendeshaji, na katika miaka ya 1980, baada ya bei ya mafuta kupanda na nchi kutoka katika vita vya Kagera vya 1978-79, fedha za dizeli na vipuri zikawa adimu. Mashine zikasimama moja baada ya nyingine. Mwaka 1991 ulipowadia shabaha ilikuwa bado iko mbali, na mwaka huo huo ikatolewa Sera ya Maji iliyowataka wananchi wachangie gharama.

Hapana aliyeweza kupinga kwa haki kwamba anayetumia maji achangie kuyatunza. Lakini je, mchango huo uwekwe katika mkono wa nani? Hapo ndipo ugumu ulipoanza, na kwa kiasi kikubwa ugumu huo haujakwisha.

Kwa muda mrefu jibu lililokuwa karibu zaidi lilikuwa ni kijiji chenyewe. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilikuwa imekipa kijiji kilichoandikishwa nafsi yake mbele ya sheria: kiliweza kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa, na kilihesabiwa kuwa chama cha ushirika cha shughuli nyingi. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 nayo iliendelea kuitambua halmashauri ya kijiji kuwa chombo chenye nafsi ya kisheria. Basi lilionekana kuwa jambo la kawaida kabisa kwamba fedha za maji ziingie katika mfuko wa kijiji, na kamati ya maji iwe ni kamati mojawapo ya halmashauri hiyo, kama ilivyo kamati ya ulinzi au ya huduma za jamii.

Matokeo yake yanajulikana na kila mtu aliyewahi kufanya kazi kijijini. Mfuko mmoja una matumizi mengi. Darasa limeezuliwa na upepo. Ofisi ya kijiji haina mlango. Mgeni amekuja na hana budi kukirimiwa. Fedha za maji zipo, na mashine siku hiyo inanguruma vizuri. Kikao kinaamua zikopwe kwa muda. Aghalabu huo haukuwa wizi. Yalikuwa ni maamuzi ya watu wenye nia nzuri waliokuwa wakitatua shida iliyokuwa mbele ya macho yao, na mashine ya maji haina mdomo wa kusema kikaoni kwamba pete zake zimelika na mwaka ujao itahitaji kupinduliwa. Siku ilipokatika, deni la darasa lilikuwa halijalipwa na hapakuwa na mtu wa kulidai, kwa maana aliyekopa na aliyekopesha alikuwa ni yule yule.

Ili uzito wa jambo hili ueleweke, na ichukuliwe mathalani kijiji chenye kaya 300, kila kaya ikichota ndoo 5 za lita 20 kwa siku. Hicho si kiasi cha anasa. Kwa kaya ya watu wanne ni lita 25 kwa kila mtu, ambacho ndicho kiwango cha chini kilichowekwa na Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002. Ikiwa ndoo ni shilingi 20, makusanyo ya siku moja ni shilingi 30,000, ya mwezi ni shilingi 900,000, na ya mwaka yanakaribia shilingi milioni 11. Hizo ni fedha taslimu, zinazoingia kila siku kwa sarafu ndogo ndogo, mikononi mwa mtu anayekaa kwenye kituo cha kuchotea maji na daftari la mistari. Katika vijiji vingi hakuna shughuli nyingine ya umma inayoingiza fedha kwa mfululizo wa namna hiyo. Anayedhani kwamba fedha hizo zitajilinda zenyewe kwa uaminifu wa watu peke yake hajapata kukaa katika mkutano wa kusoma mapato na matumizi.

Wafadhili nao walikuja kila mmoja na mtindo wake. Wafini walifanya kazi Mtwara na Lindi. Wadenmaki walikuwa Iringa, Mbeya na Ruvuma. Waswidi walikuwa kando ya Ziwa Victoria, katika mikoa ya Kagera, Mara na Mwanza, kwa mpango uliojulikana kama HESAWA. Kila mpango ulikuwa na kamati zake na utaratibu wake wa mafunzo. Mafundi wa vijijini waliofunzwa wakati ule ni faida ambayo haistahili kubezwa. Lakini kamati iliyoundwa kwa matakwa ya mradi huwa na desturi ya kuzeeka pamoja na mradi, na gari la mradi linapoondoka kwa mara ya mwisho, nayo hupoteza anayeisikiliza.

Mfano uliozungumzwa sana kwa uzuri ni wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Huko, katika miaka ya 1990 na kwa msaada wa Ujerumani, miradi ya maji ya mserereko iliwekwa chini ya vyombo vya udhamini, kama kile cha Uroki-Bomang'ombe. Maji yalipimwa kwa dira, watumishi waliajiriwa na kulipwa mshahara, na mali ikakaa mikononi mwa wadhamini, mbali na mfuko wa kijiji. Wapo watakaosema kwamba Hai ina mlima, na maji yanayoshuka yenyewe hayahitaji dizeli. Ni kweli, na ni tofauti kubwa. Lakini ziko skimu nyingi za mserereko nchini ambazo mabomba yake yalipasuka na kuachwa, kwa hiyo mlima peke yake hautoshi kuwa maelezo.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2009 ilijaribu kulitatua suala lote kwa kufungua milango mingi. Wananchi waliruhusiwa kuunda chombo chao cha maji kwa kukubaliana walio wengi, na chombo hicho kingeweza kuwa jumuiya ya watumia maji, au udhamini, au chama cha ushirika, au shirika lisilo la kiserikali, au kampuni. Kikiisha kuandikishwa kilikuwa na nafsi yake na kiliweza kumiliki mitambo. Ilielezwa waziwazi kwamba maji ya kijiji yanaweza kuwa na mwenyewe ambaye si Serikali, si halmashauri ya kijiji na si mfanyabiashara.

Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo uhuru wa kuchagua huwa na maana kwa mtu anayejua tofauti ya vitu anavyochagua, na ni wanakijiji wangapi walioelezwa tofauti hizo? Aghalabu waliletewa katiba iliyokwisha kupigwa chapa, yenye nafasi tupu ya kujaza jina la kijiji.

Na tofauti zenyewe ni kubwa. Udhamini huilinda mali kuliko aina nyingine zote, kwa kuwa wadhamini hushika mali ambayo si yao, na sheria huwataka waitumie kwa ajili ya wale waliokusudiwa tu. Ila wadhamini wana tabia ya kukaa sana. Mzee aliyeteuliwa kwa sababu ya heshima yake huzeeka na hati mkononi, na mtumia maji asiyeridhika hana kura ya kumwondoa.

Chama cha ushirika kina ubora ulio kinyume cha huo. Kila mwanachama ana kura moja, awe na ng'ombe mia au awe na kuku wawili, na Mrajis ana mamlaka ya kukagua hesabu. Lakini ushirika ni wa wanachama wake, na ziada inaweza kurudishwa kwao. Maji hayachagui mwanachama. Mfugaji anayepita na mifugo yake wakati wa kiangazi, mwalimu aliyehamishiwa shuleni mwezi uliopita, mama aliyekuja kumwuguza ndugu yake zahanati, wote hao wana kiu na wote watalipa ndoo, wala hakuna hata mmoja kati yao aliye na hisa. Ushirika unaopata ziada yake kwa watu wa nje na kuigawa kwa watu wa ndani umeanza kufanana na duka.

Kampuni ndiyo iliyowavutia baadhi ya wataalamu, kwa sababu inajua kuajiri, kutoza na kufunga hesabu. Ziko kampuni za hisa na ziko zile zisizo na hisa, ambazo wanachama wake hudhamini kiasi fulani cha fedha iwapo kampuni itafilisika. Za namna ya kwanza zina hatari iliyo wazi: hisa huuzwa, na anayenunua hisa za maji hununua pamoja nazo kiu ya watu. Za namna ya pili zilitumiwa na mashirika mengi ya huduma nchini, mpaka marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yalipozibana, na mashirika yaliyokuwa yakifanya kazi za kijamii kwa sura ya kampuni yakatakiwa kuhamia katika daftari la mashirika yasiyo ya kiserikali. Shirika la namna hii haliruhusiwi kugawana faida, na hilo ni jema. Kasoro yake kwa huduma ya maji iko kwenye mkutano mkuu: wanaokaa ndani yake ni wanachama waliolianzisha, ambao wanaweza kuwa wanaishi mjini mbali na bomba. Mtumia maji ni mtu anayehudumiwa. Anaweza kushukuru au kulalamika, lakini hawezi kupiga kura.

Ilibaki jumuiya ya watumia maji, ambayo iliwaweka wachotaji wenyewe katika kiti cha mwenye mali. Upungufu wake ulikuwa mdogo kwa maneno na mkubwa kwa vitendo. Ilikuwa ya watu wa kujitolea, na kazi ya kujitolea hupungua nguvu wakati wa kulima.

Tatizo la kupata sura ya kisheria kwa chombo kinachotoza kama biashara na kutumikia kama Serikali si la Tanzania peke yake. Uingereza, nchi ambayo sheria zake za makampuni zimetumiwa na makoloni mengi, ilikaa miaka mingi na njia mbili kuu, ya kampuni ya faida na ya taasisi ya hisani, na watu waliotaka kitu cha katikati walihangaika. Mwaka 2005 ikaanza kuandikisha aina mpya, kampuni ya maslahi ya jamii. Kampuni hiyo hufanya biashara kama nyingine, ila mali yake imefungwa kwa kufuli ya sheria: haiwezi kugawiwa wenye kampuni, na hata ikivunjwa haina budi kwenda kwa chombo kingine chenye kufuli ya namna ile ile au kwa taasisi ya hisani. Gawio la wenye hisa, pale linaporuhusiwa, lina kikomo. Kila mwaka kampuni hutoa taarifa ya yale iliyoitendea jamii, na yuko msimamizi maalumu wa kuifuatilia. Baadhi ya huduma za wauguzi wanaotembelea wagonjwa majumbani, zilizokuwa chini ya idara ya afya ya Serikali, zilihamishiwa katika vyombo vya aina hiyo. Italia ilikuwa imetangulia: sheria yake ya mwaka 1991 ilitambua ushirika wa kijamii, unaotoa huduma za malezi na afya au kuwapa kazi watu ambao kwa kawaida hunyimwa kazi, kama walemavu.

Si kila kinachofaa Ulaya kinafaa Tanzania, na haitakuwa busara kunakili sheria ya nchi yenye mabomba katika kila nyumba. Lakini kufuli ile inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndiyo iliyokosekana katika kijiji kilichokopesha fedha za maji kwa darasa.

Sheria mpya ya mwaka 2019 imepanga mambo upya. Iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanza kazi tarehe 1 Julai mwaka huo, na wahandisi wa maji wa wilaya wakaondolewa katika halmashauri na kuwekwa chini yake. Vyombo vya watumia maji vikapewa jina jipya, vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, na vikatakiwa viendeshwe na watu wenye ujuzi, kwa maana ya meneja, fundi na mhasibu wanaolipwa. Kwa kuwa chombo cha kijiji kimoja aghalabu hakina uwezo wa kulipa mishahara hiyo, vyombo vidogo vimekuwa vikiunganishwa ili kimoja kihudumie vijiji kadhaa.

Katika hili sheria imefanya jambo la haki. Wakati wa kuamini kwamba mtambo wa mamilioni ya shilingi unaweza kutunzwa na mkulima aliyefunzwa kwa siku tano, bila malipo, umepita. Mwendesha mashine anayelipwa anaweza kuulizwa kwa nini hakubadilisha mafuta. Anayejitolea huulizwa kwa aibu, na akikasirika huacha funguo mezani na kwenda shambani kwake. Mhasibu naye anaweza kuhamishwa au kushitakiwa.

Pamoja na hayo liko jambo ambalo lazima lisemwe wazi. Wakala ule ule ndio unaojenga mradi, ndio unaokiandikisha chombo cha wananchi, na ndio unaokisimamia na kukipima. Mkono mmoja ukifanya kazi hizi zote, ni rahisi mno kwa chombo cha wananchi kugeuka, pole pole na bila mtu yeyote kukusudia, kuwa tawi la ofisi ya wilaya. Meneja atamsikiliza mhandisi wa wilaya kabla ya kuwasikiliza watu waliomwajiri. Mkutano mkuu utaitwa ili kuarifiwa. Na mwananchi, ambaye mwaka 1971 alikuwa mpokeaji wa bure na baadaye akaambiwa kuwa ni mmiliki, atajikuta ni mteja tu, tena mteja asiye na duka jingine la kwenda.

Muungano wa vijiji unalifanya jambo hili kuwa la haraka. Kijiji kimoja kilijinyima kwa miaka mingi, kikaweka akiba benki ya kununulia mashine mpya. Jirani yake hakuweka kitu na ana deni la umeme. Siku vinapounganishwa, ile akiba ni ya nani? Ikichukuliwa kimya kimya kulipa deni la jirani, hata kama kwa hesabu za ofisi ni sawa, wale waliojinyima watajifunza kwamba kuweka akiba ni ujinga, na somo hilo likishaingia kijijini hakuna semina itakayolitoa. Ni haki akiba ya kila kijiji iandikwe katika vitabu siku ya kuungana, itajwe mbele ya mkutano, na itumike kwanza kwa mitambo ya kijiji kilichoiweka, mpaka wenyewe watakapokubali vinginevyo kwa kura.

Kwa hiyo katiba za vyombo hivi zinahitaji kusomwa upya, na maafisa wanaozishughulikia wasiridhike na kujaza nafasi tupu. Sheria za Tanzania hazina sura mahsusi ya kampuni ya maslahi ya jamii, lakini hakuna kinachozuia kufuli kuwekwa ndani ya katiba yenyewe. Na iandikwe kwamba mitambo, mabomba na fedha za chombo haziwezi kugawiwa mwanachama, kukopeshwa halmashauri ya kijiji wala kuwekwa rehani kwa deni la shughuli nyingine, hata kwa azimio la kikao. Na iandikwe kwamba chombo kikivunjwa mali yake itakwenda kwa chombo kingine cha maji kinachowahudumia watu wale wale. Sehemu ya makusanyo ya kila mwezi ya kununulia mashine ijayo iwekwe katika akaunti ya peke yake, ambayo haiguswi kwa mishahara wala posho. Kisha iandikwe, kwa Kiswahili ambacho mtu wa darasa la saba anaweza kukisoma bila mkalimani, ni watumia maji wangapi wakiomba mkutano hapana budi uitwe, na ni kwa kura ngapi viongozi wao wanaweza kuondolewa.

Jambo hili la mwisho lina uzito kwa wanawake hasa. Wao ndio wanaoamka alfajiri kwenda kuchota, na wao ndio wanaojua ni siku gani mlinzi wa kituo alifungua saa 3 badala ya saa 12 asubuhi. Katiba inayompa kura mkuu wa kaya peke yake humpa kura mtu ambaye huenda hajapata kubeba ndoo tangu alipooa. Mtumia maji na awe yule anayechota.

Hali kadhalika iko kaya isiyoweza kulipa hata hiyo shilingi 20. Bibi aliyebaki na wajukuu hapaswi kuachwa kwa huruma ya mlinzi wa kituo, ambaye leo atampa na kesho atamfukuza kulingana na alivyoamkia. Mkutano uitaje kaya hiyo, ndoo zake zihesabiwe, na gharama yake iingizwe katika bei wanayolipa wengine, ili ionekane katika vitabu. Msaada usioandikwa hutumiwa haraka sana kuficha upungufu wa fedha ambao hauna uhusiano wowote na bibi huyo.

Liko deni jingine ambalo watumishi wa umma hawalipendi kulizungumza, kwa kuwa linawahusu wao. Shule, zahanati na ofisi za umma hutumia maji ya chombo cha wananchi, na katika vijiji vingi ndizo zilizo nyuma kulipa. Shule ya msingi yenye wanafunzi 800 ikitumia lita 5 tu kwa kila mwanafunzi kwa siku, hiyo ni lita 4,000, sawa na ndoo 200. Kwa bei ya shilingi 20 ni shilingi 4,000 kila siku ya masomo. Kwa siku 190 za masomo ni shilingi 760,000 kwa mwaka. Fedha hizo zisipolipwa hulipwa na mtu mwingine, naye ni yule mama wa ndoo tano, ambaye amekwisha kulipa kodi yake katika sabuni na chumvi, na sasa anailipia shule ya Serikali maji kwa mara ya pili bila kuombwa ridhaa.

Kufunga bomba la shule si dawa. Watoto hawana kosa, na choo cha shule bila maji ni mwanzo wa kipindupindu. Wala haifai kumlaumu mwalimu mkuu peke yake, ikiwa katika ruzuku ya uendeshaji ya shule yake maji yanagombea nafasi na chaki, karatasi za mitihani na ukarabati wa madawati. Ni wajibu wa wanaopanga bajeti za halmashauri kuyapa maji ya shule na zahanati fungu lake, lenye jina lake, na kulipa kila robo ya mwaka moja kwa moja katika akaunti ya chombo cha maji. Bila ya hivyo ofisi ya wilaya haina uso wa kuwahimiza wanakijiji walipe, ilhali taasisi zake zenyewe zinachota kwa mkopo usio na mwisho.

Hivi sasa, mahali ambapo mwalimu mkuu ameombwa na wananchi awe katibu wa chombo chao, kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko mzuri na saa ya kukaa na vitabu, huandika mwenyewe barua ya kuidai shule, huipeleka mwenyewe ofisini kwake, huigonga muhuri wa kupokelewa, na kuiweka katika jalada pamoja na zile za robo zilizotangulia.